Bei ya Herufi

Mchora mabango alikuwa anatoza shilingi 1,000 kwa herufi, rangi ikiwemo, nafasi kati ya neno na neno bure. Binti aliyeniita alikuwa na shilingi 20,000. Ana chumba kimoja chenye mlango wa bati nyuma ya soko la Sumbawanga, cherehani moja ya miguu, ovaloki ya kuazima, na rundo la makoti ya mitumba aliyoyabomoa mpaka yamebaki vipande. Anachofanya na vipande hivyo hakina jina. Ndiyo sababu ya kuniita: nilimfundisha Kiswahili kidato cha pili, na mwalimu wa Kiswahili mtaani ni kama fundi bomba, huitwa neno likianza kuvuja.

"Mwalimu, shikamoo. Nataka mtu akipita hapa aelewe. Siuzi mitumba. Sishoni sare za shule. Nataka neno."

Koti lililokuwa mezani lilikuwa la sufu nzito, la mwanamume mrefu wa nchi ya baridi. Huku juu Ufipa, karibu mita 1,800 kutoka usawa wa bahari, Juni na Julai asubuhi unaona pumzi yako mwenyewe, kwa hiyo makoti kama hayo hayalali sokoni. Binti alikuwa anakata nyuzi za mshono wa bega kwa wembe, uzi mmoja mmoja, bila kugusa kitambaa. Alipoufunua mshono akanivuta nitazame. Nje koti lilikuwa rangi ya majivu. Ndani ya mshono, ule ukanda wa upana wa kidole ambao haukuwahi kuona jua, lilikuwa la buluu.

"Hii ndiyo rangi yake," alisema. "Ile ya nje ni uzee."

Kisha akakigeuza kipande chote, buluu ya ndani ikaja juu, akakilaza kando ya mkono alioukata kutoka kwenye mfuko wa sandarusi uliowahi kubeba mbegu za mahindi. Maandishi yake yalikuwa yamekatika katikati, mtu hawezi kusema ni mbegu gani. Kutoka kwenye bitana akatoa tiketi ya basi ya nchi ambayo lugha yake siijui. Hiyo nayo angeishona kifuani, chini ya plastiki, kama nembo. Hayo ndiyo yaliyokuwa yanatafuta jina.

Neno la kwanza alikuwa nalo tayari, amelitoa kwenye simu: apsaikling. Herufi kumi, shilingi 10,000. Si neno la kale hata huko lilikotoka. Mhandisi wa Kijerumani, Reiner Pilz, alilitumia mwaka 1994 akilalamika kwamba wenzake wa ujenzi hupokea matofali mazuri ya zamani na kuyaponda kuwa kifusi, huku wakijisifu kwamba wanayatumia tena. Kitu kilichokuwa tofali kikawa changarawe: kimeshuka. Yeye alitaka kipande, kikirudi mkononi, kirudi na thamani kubwa zaidi. Mwaka 2002 mbunifu wa majengo William McDonough na mkemia Michael Braungart walitoa kitabu kilicholisambaza wazo hilo, na tangu hapo neno linaning'inia kwenye lebo za nguo dunia nzima.

Tatizo langu nalo ni hilo "ap" la mwanzo, yaani "juu", lililomo ndani yake. Kiswahili hakikosi juu. Ila juu ya Kiswahili, ikiguswa na biashara, ni bei. Vitu vimepanda, tunasema, na hakuna anayefurahi. Wapo wanaolikwepa kwa kusema "kuongeza thamani", maneno mazuri kabisa, lakini mkoani Rukwa yana mwenyewe. Kuongeza thamani hapa ni kukoboa mahindi, kusaga, kutia kwenye mfuko wenye picha ya gunzi. Binti akiandika TUNAONGEZA THAMANI, kesho yake atapokea debe la mahindi mlangoni.

Neno la pili lilikuwa langu, na nililitoa kwa majivuno ya mtu aliyewahi kusahihisha mitihani: kurejeleza. Ndilo wanalolitumia watu wa mazingira, urejelezaji wa taka, na kisarufi limejengwa vizuri. Rejea ni kurudi. Rejelea ni kurudi kwenye kitu, na ndiyo maana mwisho wa vitabu tunaandika marejeleo. Rejeleza ni kukifanya kitu kirudi. Mzizi wa Kiarabu, viambishi vya Kibantu, ndoa ya kawaida ya pwani. Lakini neno hili linakirudisha kitu kilipokuwa. Chupa iliyorejelezwa inakuwa chupa. Koti la binti halirudi kokote. Na yeye alikuwa na kipingamizi kikali kuliko changu.

"Urejelezaji wa nini, mwalimu?"

"Wa taka."

"Hili koti si taka. Nimelinunua."

Nikanyamaza, maana alikuwa sahihi, na pia kwa sababu neno taka lilikuwa limenichukua mbali. Kwenye kamusi taka limekaa karibu sana na watu ambao usingetarajia kulikuta nao. Ukirudia unapata takataka. Ukishuka kidogo unapata takata, kuwa safi, kisha takasa, kisha takatifu. Uchafu na utakatifu vimetenganishwa kwa silabi mbili. Jirani yake katika maajabu haya ni kuu: mtu mkuu, mlango mkuu, sikukuu. Lirudie mara mbili uone, kuukuu, na ukuu wote unaisha. Imebaki nguo ambayo viwiko vimetoboka. Sijui lugha nyingine ambamo kukisifu kitu mara mbili ni kukichakaza.

Na kuchakaa nako kuna rafiki wa mashaka: kuchakata. Hili ndilo neno la tatu, la watu wa mkonge na siku hizi watu wa kompyuta, uchakataji wa data. Kuna wanaolisema kwa taka pia. Binti alilirudia mara mbili mdomoni akalitema. "Linasaga," alisema. Kweli linasaga. Sauti ya neno ina haki zake, na wanaotunga istilahi mezani mara nyingi huzisahau.

Sisemi hivi kuwabeza. Baraza la Kiswahili la Taifa lilianzishwa kwa sheria ya mwaka 1967, na bila hilo na wenzake wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, leo tungekuwa hatuna namna ya kusema bungeni mambo ambayo babu zetu hawakuwa nayo. Ila istilahi nyingi zimetengenezwa kwa ajili ya mtu anayezungumza habari za kitu, si mtu aliyekishika. Aliyekishika huwa ameshakiita. Mwulize yeyote aliyetembea kwa miguu nchi hii kiatu kilichokatwa kutoka kwenye tairi la gari kinaitwaje. Atakwambia katambuga. Kenya watakwambia akala. Hakuna kamati iliyokaa. Na hicho kilikuwa kitu kilichotupwa, kikakatwa, kikavaliwa, kikapendwa mpaka wageni wanakinunua kwa kumbukumbu ya safari, miaka mingi kabla Pilz hajakasirikia matofali.

Mifuko ya plastiki nayo, kabla haijapigwa marufuku tarehe 1 Juni 2019, ilikuwa mfuko wa Rambo na mfuko wa malboro kwa sababu ya picha tu. Ilipoondoka, ya kisheria iliyoshika nafasi yake ikaitwa mifuko mbadala. Linganisha ladha ya hayo majina.

Basi tukarudi kwenye jina la kitu chenyewe kabla hakijaguswa na wembe: mtumba. Watu wengi wanadhani mtumba maana yake ni nguo iliyovaliwa na mtu mwingine. Maana ya asili ni furushi, mzigo uliofungwa. Misafara ya karne ya 19 kutoka pwani ilibeba mitumba ya merikani, kile kitambaa cheupe cha pamba kilichopewa jina la nchi kilikotoka, na ya kaniki nyeusi. Ndani ya mtumba wa wakati ule kulikuwa na kitu kipya kabisa, gora kwa gora, kinachopimwa kwa mikono na kuhesabiwa kwa doti. Kwa hiyo neno lenyewe limevaliwa na wawili: kwanza na nguo mpya, baadaye na nguo kuukuu. Liliposhuka hivyo hakuna aliyeliambia linashuka. Siku hizi limepanda tena, gari la mtumba, friji ya mtumba.

Wazee wangu walisema kafa Ulaya. Sentensi nzima yenye kiima na kiarifu, ikageuzwa nomino: nimenunua kafa Ulaya. Hawakuona sababu ya mtu mzima kuachia koti zima kama yu hai. Waghana, bila kushauriana nasi, wana jina lenye maana hiyo hiyo, nguo za Mzungu aliyekufa. Ukivuka Kasesya kwenda Mbala, upande wa Zambia, zinaitwa salaula, neno la Kibemba la kupekua na kuchagua kutoka kwenye rundo. Malawi kaunjika. Rwanda wanaziita caguwa, na hapo sikio la Mswahili linasimama, kwa maana hilo ni chagua letu lililohamia Kigali likapata kazi ya nomino. Nairobi, Gikomba, mzigo ukifunguliwa wa kwanza huitwa kamera na wa mwisho huitwa fagia. Angalia majina yote haya yanatazama wapi: kifo cha mwenyewe, furushi, kitendo cha mnunuzi kupekua. Hakuna hata moja linalomtazama mtu atakayekaa na wembe baadaye.

Hata wakubwa walipogombana kuhusu mitumba, mtu huyo hakuwamo. Mwaka 2016 viongozi wa Jumuiya ya Afrika Mashariki walikubaliana kuiondoa mitumba kufikia 2019 ili viwanda vya nguo vipumue. Rwanda mwaka huo huo ilipandisha ushuru kutoka dola 0.20 hadi 2.50 kwa kilo. Marekani ikatishia kuzinyima nchi hizi nafuu ya kuuza kwake bila ushuru. Wengine wakarudi nyuma, Rwanda ikakaza, na mwaka 2018 ikasimamishwa kwenye nafuu hiyo kwa upande wa nguo. Katika hoja zote nilizosikia redioni miezi ile kulikuwa na safu mbili tu, nguo mpya na nguo kuukuu. Koti la buluu lenye mkono wa sandarusi lingeandikwa safu gani?

Nilimwambia binti pengine tuache kitendo, tutafute jina la kitu. Huko nje wanasema sanaa inayovaliwa. Hapa Kiswahili kinakupa njia mbili. Unaweza kusema sanaa ivaliwayo, kwa urejeshi wa tamati, maneno yenye harufu ya mashairi, herufi 14. Au sanaa inayovalika, herufi 16. Nilipendelea ya pili kwa sababu ile -ik- hubeba uwezekano: kusomeka, kulika, kupitika. Barabara inapitika. Vazi linavalika.

Binti akacheka. "Mwalimu, mama yangu hilo neno analijua kwa kukataa tu."

Na kweli. Sikumbuki kama nimewahi kusikia mtu wa kawaida akisema nguo hii inavalika. Nimesikia haivaliki mara elfu: haivaliki, imechanika, haivaliki, fupi mno, haivaliki mbele ya watu wazima. Kitenzi hiki kinaishi upande wa kukanusha na hutoka nje mchana kwa nadra. Ukikiandika kibaoni kwa kukubali, msomaji ataanza kujiuliza nani alisema haivaliki. Ambalo, nikifikiri sasa, si swali baya kwa kazi ya binti huyu. Lakini herufi 16 zilikuwa zinakula karibu pesa yote.

Kuhusu yeye mwenyewe tulibishana muda mrefu zaidi. Fundi? Anajiita fundi, ila fundi hulipwa kwa kazi moja moja: pindo shilingi kadhaa, zipu shilingi kadhaa. Mwanamitindo? Magazeti yetu hulitumia kwa anayebuni nguo na kwa anayezivaa jukwaani, kwa hiyo halimwambii mtu lolote. Mbunifu wa mavazi ni la heshima, limezoeleka tangu Mustafa Hassanali aanzishe Swahili Fashion Week jijini Dar es Salaam mwaka 2008, lakini lina herufi za kutosha kumaliza ukuta. Nikasema, basi msanii. Akaniangalia kama nimemtukana. Nilikuwa nimesahau. Msanii, kwa Kiswahili cha Tanzania cha leo, ni mtu wa sanaa na pia ni tapeli. Acha usanii, anaambiwa konda anayechelewesha chenji. Mwanamke anayeuza koti kuukuu kwa bei ya koti jipya, kisha anaandika mlangoni kwamba yeye ni msanii, anajishtaki mwenyewe.

Neno kiraka lilitusogelea hapo, nikalipenda kwa dakika tano. Kiraka kilikuwa aibu. Mtoto mwenye kiraka kwenye makalio ya kaptura alitembea akiegemea kuta. Kisha watangazaji wa mpira wakalichukua. Mchezaji kiraka ni yule anayeweza kucheza beki, kiungo, popote penye tundu, na makocha wanamlilia. Neno limeokolewa na soka. Lakini kiraka huziba, na binti hazibi. Yeye hufungua.

Wenzake wa kazi hii katika ukanda wetu wamelitatua suala la jina kila mmoja kwa hila yake. Cyrus Kabiru wa Nairobi, aliyezaliwa mwaka 1984, hutengeneza miwani ya sanamu kutoka kwenye nyaya, vijiko, vizibo, vipande vya redio na chochote kinachookotwa mtaani; husimulia kwamba alipokuwa mdogo aliomba miwani, baba yake akamwambia atengeneze ya kwake. Akatengeneza, hakuacha. Kazi hizo, alizoziita C-Stunners, zimemfikisha kwenye majukwaa ya TED mwaka 2013 na kwenye majumba ya makumbusho ya nchi nyingi. Mfululizo wake mmoja anauita Macho Nne. Mwalimu ndani yangu alishika kalamu nyekundu alipoliona jina hilo, kwa sababu jicho ni la ngeli ya li-ya, na wingi wake hudai macho manne. Kisha nikaiweka kalamu. Macho nne ndivyo mtaa wa Nairobi unavyomtania mvaa miwani, na ukilisahihisha umeliua. Huyu hakutafuta istilahi ya sanaa inayovaliwa. Alichukua tusi la shuleni akaliweka ukutani lilivyo, na kosa lake la upatanisho wa kisarufi likiwa sehemu ya kazi.

Uganda, Sanaa Gateja amevuka swali hili kwa kuwa yeye mwenyewe anaitwa Sanaa. Hukunja vipande vya karatasi zilizokwisha kutumika kuwa shanga, maelfu kwa maelfu, akazishona juu ya lubugo, kitambaa cha gome la mti cha Waganda, na kwao anajulikana kama mfalme wa shanga. Uganda hiyo hiyo, jijini Kampala, Bobby Kolade alianza mwaka 2022 kununua mitumba sokoni, kuikata na kuiunganisha upya, kisha kuiuza kwenye nchi ilikotoka. Mkusanyo wake aliupa jina Return to Sender, rudisha kwa mtumaji, maneno ya muhuri wa posta kwa barua iliyokosa mwenyewe. Huo ni utani wa kiwango cha juu, na ni neno lisilohitaji mizizi: limekopwa kwa karani wa posta. Dar es Salaam, Anne Kiwia hugeuza nguo za mitumba kuwa mapambo ya kichwa, na jina la biashara ni jina lake, herufi tisa. Nilimshauri binti afanye vivyo hivyo. Alikataa. Jina lake, alisema, wapo wanne katika mtaa ule, na mmoja anauza pombe.

Nilitoka kwake bila jibu, nikapita njia ndefu nikiitazama milima ya Mbizi. Mji huu una jina la kutupa. Mgeni yeyote akifika huelezwa kabla hajamaliza chai: sumba ni tupa, wanga ni uchawi, Sumbawanga, tupa uchawi wako kabla hujaingia. Tunacheka tukilisema hilo. Siku ile sikuweza kuacha kuwaza kwamba Wafipa, wanaojulikana kwa kitenzi hiki kimoja cha kutupa, walikuwa na msamiati mnene wa kutotupa.

Chukua kilimo chao cha zamani. Nyasi zinapokuwa ndefu, wakati wa mvua, mkulima hakuzichoma. Alizipindua na udongo, akazifunika ndani ya tuta la mviringo, tuta juu ya tuta mpaka shamba linaonekana limeota vichwa. Ndani ya tuta nyasi zinaoza na kuwa mbolea. Juu yake yanapandwa maharage. Mvua za mwaka unaofuata matuta yanabomolewa, yanatawanywa, na ulezi unasiwa juu ya udongo ule mweusi. Tuta hilo linaitwa ntumba. Sidai kwamba ntumba ya Kifipa na mtumba wa Kiswahili ni ndugu wa damu. Nadai tu kwamba ukisimama sokoni Sumbawanga ukisikia maneno haya mawili kwa siku moja, sikio linafanya kazi yake lenyewe. Magugu yaliyofungwa pamoja, yakaachwa, yakabomolewa, yakalisha watu.

Chukua chuma. Kwenye vichaka vya Nkasi bado yamesimama matanuri ya udongo marefu kumzidi mtu, malungu, ambayo Profesa Bertram Mapunda na wanaakiolojia wengine wameyatafiti. Moja ni ilungu. Ilungu lilitoa chuma kilichochanganyika na mavi yake, kigumu kufuliwa. Kikapelekwa kwenye tanuri la pili, dogo, kikayeyushwa tena kikatakata. Tanuri hilo la pili halikuitwa ilungu dogo wala ilungu la marudio. Liliitwa kintengwe. Hapo nilisimama barabarani, bodaboda akanipigia honi. Wafipa waliona kazi ya mara ya pili ni kazi nyingine kabisa, yenye chombo chake na jina lake.

Na chukua nguo zenyewe. Kabla merikani haijapanda huku ndani ya mitumba, Ufipa na bonde la Rukwa palikuwa na wafumaji. Pamba ililimwa chini kwenye joto, ikasokotwa, ikafumwa na wanaume kwenye vitanda vya kufumia kuwa kitambaa kizito kiitwacho seketa, ambacho wasafiri wa karne ya 19 hawakuacha kukitaja. Kilikuwa kizito, cha kudumu, na kazi ya kukitengeneza ilikuwa ya polepole mno kushindana na kiwanda cha ng'ambo. Ufumaji ukanyauka. Maneno ya kitanda cha mfumi yamebaki kwenye kamusi kama vyombo kwenye dari: mtande, nyuzi zilizotandazwa kwa urefu, mshindio, uzi unaopita kati yake.

Ila kitenzi hakikunyauka. Kufuma kimehama kitanda kikaingia ofisini. Mfumo umetoka hapo: mfumo wa elimu, mfumo wa malipo, mfumo upo chini leo njoo kesho. Kila karani anayekwambia mfumo haupatikani anataja kitambaa bila kujua. (Kufumania si wa ukoo huu, huo ni wa mshale, mtu aliyefumwa akiwa pale asipotakiwa.) Na kufuma kuna kinyume chake, kwa ile kauli ya kutendua ambayo Wabantu wametujalia: funga, fungua, kunja, kunjua, ziba, zibua, bandika, bandua, shona, shonoa, vaa, kwa njia yake ya mkato, vua. Fuma, fumua. Kutoka hapo tukapata kufumuka, na kutoka kufumuka tukapata mfumuko wa bei. Mfumo na mfumuko, vitu viwili vinavyotuendesha, vyote ni maneno ya mfumaji: kimoja uzi ukiwa umeshika, kingine uzi ukiwa umeachia. Wachumi wanaosoma takwimu kwenye taarifa ya habari wanasema Kiswahili cha seketa.

Kauli hii darasani hufundishwa kama hasara. Fungua ni kufunga ukiondoa. Nami nilifundisha hivyo miaka yote, na wembe wa binti ulinionyesha kosa. Kuchana nguo hakuhitaji ujuzi, mbwa huchana. Kufumua ni lazima ujue mshono ulianzia wapi, fundi aliyekutangulia alipita mara ngapi, wapi alifunga fundo na wapi alidanganya. Unamsoma kwa kurudi nyuma. Binti alinionyesha koti ambalo mtu, huko huko Ulaya, alishawahi kulipunguza kiunoni kwa mkono, kwa uzi wa rangi tofauti kidogo, na alimwita mtu huyo "fundi wa katikati". Aliongea habari zake kama za jirani. Buluu ya ndani ya mshono haionwi na mtu mwingine yeyote isipokuwa anayefumua. Hiyo juu inayotafutwa na Wajerumani itakuja yenyewe au haitakuja, ni shauri la mteja na mfuko wake. Ufundi uko kwenye kurudi nyuma bila kuharibu.

Nikarudi. Nikamwambia: Fumua. Herufi tano.

Aliandika kwenye ganda la boksi kwa chaki ya kukatia, kwa herufi kubwa, akalisimamisha mlangoni, akatoka nje kulitazama kutoka ng'ambo ya barabara. Aliporudi aliniambia gazeti la michezo nalo hulipenda, timu ikifungwa tano inaandikwa imefumuliwa. Nikamwambia hiyo nayo ni sawa. Mchora mabango akauliza, "Fumua nini?" Binti akasema, "Wewe andika." Pesa iliyobaki ikanunua mkasi mwekundu uliochorwa upande wa kulia na koti upande wa kushoto, mikono yake imeachana na mwili kwa upana wa kidole, na katika ule upana akataka buluu. Mchoraji alisema buluu haitaonekana kwa mbali. Akaambiwa aiweke.

Kibao kilikauka Jumatatu. Jumanne asubuhi, kabla hajamaliza kufagia, mama mmoja mwenye rasta za miezi miwili akasimama mlangoni, akakisoma kwa sauti, akaingia akakaa kwenye kiti cha mteja na kuinamisha kichwa.

"Mnafumua kwa bei gani?"

Binti alikuwa ameshika ufagio. Akamzunguka yule mama mara moja, akazipima zile rasta kwa macho, nyeusi na nyingine nyekundu iliyopauka, mita na mita za nyuzi zilizosukwa kwa ukaribu. Akauegemeza ufagio ukutani.

"Bure," alisema. "Lakini rasta unaniachia."